Kericho Si Chai Tupu: Jinsi Mwinuko, Mvua na Reli Vilivyochora Kaunti Yetu

Mkazi wa Londiani na mkazi wa Soin humchagua gavana mmoja na husubiri bajeti moja. Lakini asubuhi ya Julai, wa Londiani huamka akitafuta sweta, ilhali wa Soin, jua likishapanda, hutafuta kivuli. Mmoja hulima viazi na kukamua ng'ombe wa gredi, mwingine hukata miwa. Kati yao wapo wakulima wa chai wa Ainamoi, Belgut na Bureti, ambao picha za mashamba yao ndizo hupamba kalenda na matangazo ya utalii kila jina la Kericho linapotajwa.

Picha hizo si za uongo, ila hazijakamilika. Kaunti yetu ina kaunti ndogo sita na wadi 30. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 901,777, na maelfu kwa maelfu miongoni mwao hawategemei chai hata kidogo. Makala haya yanaeleza jinsi kaunti ilivyopata sura iliyo nayo: kwa nini chai iko hapa na si pale, kwa nini miji mingine ilikua na mingine ikadumaa, na kwa nini suala la ardhi halijazeeka. Anayeelewa haya huingia kwenye kikao cha kutoa maoni akiwa na hoja, si malalamiko pekee.

Mteremko mmoja, hali tatu za hewa

Kericho iko kusini kidogo mwa ikweta, upande wa magharibi wa Bonde la Ufa. Tunapakana na Uasin Gishu, Baringo na Nandi upande wa kaskazini, Nakuru mashariki, Bomet kusini, Nyamira na Homa Bay kusini-magharibi, na Kisumu magharibi.

Njia rahisi ya kuielewa kaunti hii ni kuiona kama mteremko mmoja mrefu. Upande wa juu ni kaskazini-mashariki, ambako Mlima Londiani unafikia takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa chini ni magharibi, ambako Soin inashuka hadi karibu mita 1,200 na kukutana na uwanda wa Kano, si mbali na Ziwa Victoria.

Kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita. Kwa hiyo matatu inayotoka Mau Summit na kupita Kedowa, Chepseon, mjini Kericho, Kapsoit na Kaitui, kabla ya kuingia Awasi katika Kaunti ya Kisumu, humpitisha abiria katika hali tatu za hewa ndani ya saa chache.

Ukanda wa kwanza ni nyanda za juu zenye baridi: Londiani, Kedowa, Sorget na Tendeno. Huku hustawi viazi, kabichi, mahindi yanayochukua muda mrefu kukomaa, na ng'ombe wa maziwa. Chini ya ukanda huu, kuelekea Kipkelion na Fort Ternan, kuna kahawa.

Ukanda wa pili ni wa katikati: Ainamoi, Belgut, Bureti na sehemu za Chepseon. Huu ndio ukanda wa chai, na ndio wenye watu wengi na mashamba madogo yaliyogawanywa mara nyingi kutoka baba hadi mwana.

Ukanda wa tatu ni nyanda za chini: Soin, Soliat, Kaplelartet na maeneo ya chini ya Sigowet. Huku kuna joto, mvua si ya kutegemewa, na wakulima hutegemea miwa, mahindi, mtama na mifugo. Miwa yao huvuka mpaka kwenda kwenye viwanda vya sukari vya Kisumu.

Mvua ya alasiri inatoka wapi?

Kila mkazi wa ukanda wa chai anajua kwamba nguo zilizoanikwa zinafaa kuanuliwa kabla ya saa tisa alasiri. Sababu yake iko ziwani. Jua la mchana huipasha nchi kavu joto, na hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huvuta kuelekea mashariki na kuanza kupanda mteremko wetu. Huko juu hukutana na pepo zinazotoka upande wa Bonde la Ufa. Hewa hiyo ikisukumwa juu hupoa, unyevu hugeuka mawingu, na mawingu huangusha mvua ya radi.

Kwa sababu hiyo, ukanda wa chai hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao hukauka kabisa, ingawa Desemba hadi Februari huwa na mvua kidogo zaidi. Mchai hupenda hali hiyo hasa. Unahitaji zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, iliyosambaa vizuri, pamoja na udongo mwekundu wenye kina na wenye asidi. Kericho ina vyote hivyo.

Mawingu hayo hayo huleta hasara. Kericho imo miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mvua ya mawe ya dakika chache huweza kuchanachana majani ya shamba zima, na mkulima akangoja wiki kadhaa kabla ya kuchuma tena. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndege zilikodiwa kurusha kemikali ndani ya mawingu ya Kericho na Nandi ili kupunguza mawe hayo.

Udongo wetu nao una historia ndefu. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti ni miamba ya volkano iliyomomonyoka kwa mamilioni ya miaka. Volkano ya kale ya Tinderet, kaskazini mwetu, ilimwaga majivu yaliyofunika na kuhifadhi mifupa ya wanyama huko Fort Ternan. Mwaka wa 1961, watafiti wakiongozwa na Louis Leakey walipata hapo mabaki ya nyani wa kale aliyepewa jina la Kenyapithecus wickeri. Mabaki hayo yana umri wa takriban miaka milioni 14. Kwa hivyo Fort Ternan, inayojulikana na wengi kama kituo kidogo cha reli, inatajwa katika vyuo vikuu duniani kote vinavyofundisha asili ya binadamu.

Majina ya wadi zetu yana wenyewe

Kabla ya kuwapo kaunti, wilaya au wadi, Wakipsigis walikuwa na mgawanyo wao wa nchi. Masimulizi ya wazee yanawaleta kutoka kaskazini hadi Tuluap Kipsigis, kilima kilicho upande wa Londiani, na kutoka hapo wakasambaa kusini na magharibi. Nchi yao iligawanywa katika sehemu nne kubwa: Waldai, Belgut, Bureti na Sotik. Ukisoma orodha ya kaunti ndogo na wadi za leo, majina hayo bado yapo. Waldai ni wadi, Belgut na Bureti ni kaunti ndogo zetu, na Sotik ni kaunti ndogo ya Bomet.

Chini ya migawanyo hiyo kulikuwa na kokwet, yaani baraza la majirani wanaoishi eneo moja. Kokwet ndilo lililoamua ugomvi wa mipaka, malisho na kazi za pamoja. Neno hilo bado linatumika vijijini, na desturi yenyewe haijafa.

Jina la Kericho lenyewe lina maelezo zaidi ya moja. Wapo wanaolihusisha na neno la Kikipsigis kerichek, maana yake dawa, wakikumbuka mganga au zahanati ya mwanzo. Wengine hulihusisha na kiongozi wa Kimaasai aliyeishi hapa, Ole Kericho. Yote mawili husimuliwa, na yote mawili yanakumbusha kwamba eneo hili lilikuwa mahali pa kukutana kwa jamii kabla ya kuwa mji.

Jina ambalo halikudumu ni Lumbwa. Wakoloni walilichukua kutoka kwa Wamaasai na kuwabandika Wakipsigis, ambao hawakuwahi kujiita hivyo. Kituo cha reli kilichoitwa Lumbwa leo kinaitwa Kipkelion.

Reli ilipita, mji ukakua kwingine

Reli ya Uganda iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Kabla ya kufika huko ilivuka kilele cha Mau na kuteremka kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, ikifuata bonde la Mto Nyando. Haikupita mjini Kericho.

Kwa miaka mingi baadaye, Londiani ilikuwa mlango wa nyanda za Uasin Gishu. Walowezi waliokuwa wakielekea Eldoret walishuka kwenye gari moshi hapo, wakapakia mizigo kwenye mikokoteni ya kuvutwa na maksai, na kusafiri kwa siku kadhaa katika tope. Hali hiyo ilibadilika reli ilipofika Eldoret mwaka wa 1924, na Londiani ikapoteza sehemu kubwa ya biashara yake. Ukiuona mji wa Londiani leo na majengo yake ya zamani, kumbuka kwamba wakati mmoja ulikuwa kituo kikuu cha safari.

Kericho, kwa upande wake, ilianza kama kituo cha utawala wa kikoloni na ikakuzwa na chai. Chai ilisafirishwa kwa barabara hadi kituo cha reli cha Lumbwa, na barabara hizo ndizo zilizoamua mahali pa maduka na masoko. Wafanyabiashara na mafundi wa asili ya Kihindi walijenga sehemu kubwa ya mji wa mwanzo. Hekalu la Masingasinga lililoko mjini, linalohusishwa na mtawa Baba Puran Singh aliyeishi Kericho, bado huwavutia mahujaji kutoka ng'ambo.

Mashamba makubwa yalihitaji mikono mingi. Wafanyakazi walitoka Nyanza na Magharibi, wakiwemo Waluo, Wakisii na Waluhya, wakaishi katika kambi za mashamba pamoja na Wakipsigis. Kiswahili kikawa lugha ya kazini, ya sokoni na ya shuleni. Familia nyingi za kambini sasa ziko kizazi cha tatu au cha nne, na Kericho ndiyo nyumbani kwao.

Usione vyaelea

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mashamba makubwa ya chai, yaliyonyooka kama zulia kutoka mjini hadi ukingo wa msitu, hayakuota yenyewe. Yaliwekwa kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Mwaka wa 1905, serikali ya kikoloni ilituma jeshi dhidi ya watu wa Sotik. Watu waliuawa na maelfu ya mifugo wakachukuliwa. Muda mfupi baadaye walowezi walianza kugawiwa ardhi Sotik. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 iliruhusu walowezi kumilikishwa mashamba kwa mikataba ya miaka 999.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, takriban ekari 25,000 karibu na Kericho zilimegwa kutoka eneo la Wakipsigis na kupewa maafisa wa kijeshi wa Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mpango wao ulikuwa kulima kitani, mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo. Bei ya kitani ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920 na mpango ukavunjika. Ardhi haikurudishwa. Katikati ya miaka hiyo ya 1920 ilinunuliwa na kampuni ya James Finlay, wakati Brooke Bond nayo ilikuwa ikifungua mashamba yake. Mche wa kwanza wa chai nchini ulikuwa umepandwa Limuru mwaka wa 1903, lakini ni Kericho chai ilikogeuka kuwa biashara kubwa.

Mwaka wa 1934 ilipitishwa sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho waitwao orkoiyot, ambao wakoloni waliwaona kama tishio. Familia nzima, watoto na wazee, zilipelekwa Gwassi, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, eneo lenye mbu na mbung'o. Walianza kurejea tu uhuru ulipokaribia, na wengi hawakuwa na ardhi ya kurudia.

Wakati huo wote, Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai yake mwenyewe. Angeweza kuichuma kwa mshahara, si kuimiliki.

Mambo haya si historia iliyofungwa. Mwaka wa 2019, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitoa maamuzi kuhusu madai ya dhuluma za kihistoria yaliyowasilishwa kutoka Kericho na Bomet, na kupendekeza, pamoja na mengine, mashamba makubwa yapimwe upya. Mwaka wa 2021, wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliandikia Uingereza kuhusu suala hilo, na mwaka wa 2022 malalamiko yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 65, inasema mtu asiye raia anaweza kushikilia ardhi kwa mkataba wa kukodisha pekee, na mkataba huo usizidi miaka 99. Mikataba ya miaka 999 haipo tena kwa wageni.

Mashamba yenyewe yameendelea kubadilisha mikono. Brooke Bond iliingia chini ya Unilever katika miaka ya 1980, na mwaka wa 2023 mashamba ya Finlay yaliuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mashine za kuchuma chai nazo zimepunguza kazi za mikono, jambo ambalo limeleta uchungu na hata vurugu mashambani. Mkazi anayeuliza nani anamiliki, kwa masharti gani, na vijana wetu watafanya kazi gani, anauliza maswali yenye mizizi ya zaidi ya miaka 100.

Mkulima mdogo aingia

Mlango ulifunguka miaka ya mwisho ya ukoloni. Mpango wa kilimo wa mwaka wa 1954 uliruhusu Waafrika kukuza mimea ya kuuza nje ya nchi, na mwaka wa 1960 mamlaka maalumu iliundwa kuwasaidia wakulima wadogo kwa miche, ushauri na masoko. Mwaka wa 1964, mamlaka hiyo ilirithiwa na KTDA. Leo wakulima wadogo ndio huzalisha zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Katika kaunti yetu hupeleka majani kwenye viwanda kama Litein, Kapkatet, Tegat, Toror na Momul.

Kituo cha utafiti wa chai kilichoanzishwa Kericho mwaka wa 1951 kimekuwa nguzo ya kazi hiyo. Miche mingi inayokuzwa na wakulima nchini ilitokana na utafiti wake, ikiwemo aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa mwaka wa 2011.

Chai huamua mwendo wa maisha katika ukanda wake. Majani mawili na chipukizi huchumwa kila baada ya siku saba hadi 14, mwaka mzima, na yanafaa kufika kiwandani siku hiyo hiyo kabla hayajaharibika. Kwa hiyo barabara ya kijijini ikikatika kwa mvua, mkulima hapotezi muda tu, hupoteza majani. Malipo ya kila mwezi hulipa duka na dawa, na bonasi hulipa karo. Mwaka ambao bonasi imeshuka, soko la Litein hulijua hilo kabla ya afisa yeyote.

Mkulima wa miwa wa Soin ana kalenda tofauti kabisa. Miwa yake huchukua takriban miezi 15 hadi 18 kukomaa. Hana hela ya kila mwezi, na kiwanda kikichelewa kukata, humbidi kungoja. Mkulima wa viazi wa Kedowa naye huvuna wakati mmoja na majirani zake wote, bei ikaanguka kwa kuwa hakuna mahali pa kuhifadhi. Wote watatu ni wakulima wa Kericho, lakini mahitaji yao hayafanani.

Mwaka ambao ramani iligawanyika

Wazee wengi bado husema "Kericho" wakimaanisha pia Bomet, na wana sababu. Hadi mwaka wa 1992, Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho. Mgawanyiko huo ndio uliorithiwa na kaunti mbili zilizoanza kazi mwaka wa 2013, yetu ikiwa nambari 35 na Bomet nambari 36. Lakini ukanda wa chai haukugawanyika. Unaendelea kutoka Bureti hadi Konoin bila kujali bango la mpaka. Bei ya chai, mashine za kuchuma, madai ya ardhi na msitu ni masuala ambayo kaunti hizi mbili huyabeba pamoja.

Maji yote yanaanza juu

Kinachoziunganisha kanda zote tatu ni maji. Msitu wa Mau, ulio juu yetu upande wa mashariki, ni chemchemi kubwa kuliko zote tano kuu nchini. Mito inayotoka Mau hulisha maziwa ya Victoria, Nakuru, Baringo, Turkana na Natron. Kwa upande wetu, maji ya Kiptiget, Itare na Chemosit huishia katika Mto Sondu, unaozalisha megawati 60 za umeme katika mtambo wa Sondu Miriu kabla ya kuingia ziwani. Mto Nyando, unaopata maji kutoka milima ya Londiani na Tinderet, hupita Kipkelion na Soin kwenda uwanda wa Kano, ambako hufurika mara kwa mara. Kupitia Bomet, mito ya Nyangores na Amala huungana kuwa Mara, inayowanywesha nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti.

Msitu huo umeumia. Mwaka wa 2001 pekee, serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 60,000 kutoka hifadhi ya Mau. Msitu ukipungua, mvua inayonyesha huteremka yote kwa pamoja badala ya kunywewa na ardhi na kutolewa polepole. Matokeo yake ni mafuriko Aprili na mito mikavu Februari. Mkazi wa Soin anayechota maji machafu mtoni analipia kilichokatwa Londiani, hata kama hajawahi kukanyaga Londiani.

Ndiyo sababu maafisa wa kilimo husisitiza kutopanda mikalatusi karibu na chemchemi na mito, na kuacha ukingo wa mto uwe na nyasi na miti ya kienyeji. Shamba lako likipakana na mto, jirani yako si yule wa ng'ambo ya ua tu. Ni pia kila anayechota maji chini yako.

Haya yanakuhusu vipi?

Kwanza, jua nani ana jukumu gani. Huduma za kilimo, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, shule za chekechea na masoko ni kazi za serikali ya kaunti. Kaunti pia ndiyo hutoza ada za ardhi, yakiwemo mashamba makubwa. Misitu ya serikali husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo yenye jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Malalamiko yakipelekwa kwa ofisi isiyohusika, muda hupotea bure.

Pili, jua tarehe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maoni yanayotolewa kabla ya tarehe hizo ndiyo yenye uzito. Yanayotolewa baada ya hapo hukuta pesa zimeshapangiwa kazi. Mpango wa miaka mitano unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, na nakala yake ni haki yako kuisoma.

Tatu, sema kulingana na ukanda wako. Wadi ya chai ikiomba changarawe kwenye barabara za kwenda vituo vya kukusanyia majani, hoja yake ni nzito. Wadi ya Londiani ikiomba ghala la viazi au mtambo wa kupozea maziwa, hoja yake ni nzito vilevile. Wadi ya Soin ikiomba visima na mabwawa kabla ya kitu kingine, nayo iko sahihi. Kosa ni kugawa pesa kana kwamba wadi zote 30 ziko kwenye mwinuko mmoja, au kudhani kwamba msaada kwa chai umeshamsaidia kila mtu.

Wazee wa kokwet waliamua mambo ya malisho barazani, na leo pia aliye juu ya mto na aliye chini wanafaa kusikilizwa wote wawili. Tangazo la vikao vijavyo vya kutoa maoni hubandikwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Fika mapema, na uje na jirani.